Jina na Shina: Juu ya Kuyatafuta Maandishi ya Muhuru Bay, Toka Kadi za Maktaba hadi Hifadhidata

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtafiti wa lugha na historia za Afrika ya Mashariki alivyojifunza, na anavyoendelea kujifunza, kuyatafuta maandishi ya watafiti waliomtangulia. Mada yenyewe ni pana, na ili tusipotee ndani yake tumechagua mahali pamoja padogo pa kutolea mifano, napo ni Muhuru Bay, katika sehemu ya Nyatike, Kaunti ya Migori, nchini Kenya. Ni ardhi iliyoingia katika Ziwa Victoria karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Wenyeji wake wengi huishi kwa uvuvi: omena huanikwa pwani, na mbuta huuzwa kwa wenye magari ya barafu. Ukivuka mpaka hadi Kirongwe, omena ni dagaa na mbuta ni sangara. Samaki ni wale wale, ziwa ni lile lile. Msomaji aliweke jambo hili moyoni, kwani tutalirudia.

Sababu ya kuchagua Muhuru ni kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita alinijia mwanafunzi wa shahada ya pili, mzaliwa wa huko, aliyetaka kuandika tasnifu juu ya mabaki ya lugha ya Olusuba katika Kijaluo kinachosemwa kwao. Tukaketi pamoja mbele ya kompyuta, tukafungua hifadhidata moja mashuhuri ya majarida ya kitaaluma. Akaandika jina la kwao pamoja na neno la Kiingereza lenye maana ya lugha. Hakupata kitu cha kumfaa. Akaandika jina la kwao peke yake. Hapo yakamjia makala juu ya malaria, kichocho, UKIMWI, maji na samaki. Nami, kwa wepesi ambao hadi leo naujutia, nikamwambia kwamba yaelekea hakuna lililoandikwa, na kwamba ingekuwa busara abadili mada. Alikuwa mtu wa adabu. Akaitikia, akaenda, akaanza kuandika pendekezo jingine lisilohusu kwao wala lugha ya bibi yake. Wiki mbili baadaye nilikuwa natafuta kitabu kingine katika rafu ya nyumbani kwangu, mkono ukagusa kitabu cha Henry Okello Ayot juu ya historia ya Waluo-Abasuba, kilichotolewa na Kenya Literature Bureau, Nairobi, mwaka 1979. Kitabu hicho nilikinunua mwenyewe, nikakisoma, na hata mistari kadhaa nikaipigia kalamu.

Basi swali likawa hili: mashine ilikuwa na upungufu gani, na sisi tulioiuliza tulikuwa na upungufu gani, hata jambo lililokuwa rafuni pangu likaonekana halipo duniani?

Neno moja juu ya istilahi kabla ya kuendelea. Wataalamu wetu wana maneno mawili kwa kitu hiki: wengine husema hifadhidata, wengine kanzidata. La pili limejengwa juu ya kanzi, yaani hazina, na kwa ladha ya lugha ndilo zuri zaidi. Hata hivyo nimetumia la kwanza, kwa kuwa ndilo wanafunzi wanalolitambua. Na tena, kama itakavyoonekana, kitu kinaweza kuhifadhiwa vizuri sana bila ya kuwa hazina kwa yule asiyejua mahali pa kukishika.

Mahali pamoja, majina mengi

Historia ya Muhuru katika maandishi ni historia ya mipaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana maeneo ya ushawishi, mstari wao uliotoka pwani ya Bahari ya Hindi ulikomeshwa mahali ambapo nyuzi ya kwanza ya latitudo, kusini ya ikweta, inakata ukingo wa mashariki wa ziwa. Mapatano ya mwaka 1890 yakauthibitisha mstari huo na kuupitisha ndani ya ziwa. Sasa, nyuzi hiyo ya kwanza inapita hapo hapo Muhuru. Kwa watu waliokuwa wakiozana na kuzikana pande zote mbili, huo ulikuwa mstari wa hewani. Kwa karatasi ulikuwa ukuta. Tangu siku hiyo taarifa za jamaa wa upande wa kusini ziliandikwa kwa Kijerumani, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza zikawa taarifa za Tanganyika. Na taarifa za upande wa kaskazini zikaandikwa kwa Kiingereza.

Lakini hata hizo za Kiingereza hazikukaa mahali pamoja. Hadi mwaka 1902 sehemu zote za Nyanza zilihesabiwa kuwa ndani ya Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo zikahamishiwa Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Kwa hiyo mwenye kutafuta habari za miaka ya mwanzo kabisa chini ya jina la Kenya anatafuta nchi ambayo haikuwa na jina hilo. Baada ya hapo eneo likawa ndani ya wilaya ya South Kavirondo, ambayo makao yake yaliwekwa kwanza Karungu, ziwani, na halafu Kisii, juu milimani. Baadaye wilaya ikaitwa South Nyanza, kisha sehemu yake ikawa Wilaya ya Migori, na tangu mwaka 2013 ni Kaunti ya Migori. Katika ramani na barua za zamani lenyewe jina Muhuru limeandikwa pia Mohuru na Mohoru, kadiri sikio la afisa lilivyopenda.

Hesabu majina hayo, msomaji, na ufikirie mwanafunzi aliyeandika jina moja tu.

Jina Kavirondo lastahili kusitiwa kidogo. Wenyeji hawakulipenda, na baadaye likaachwa katika matumizi ya serikali. Tulifanya vyema kuliacha. Lakini maandishi ya miaka sitini hivi yamefungwa ndani ya jina hilo, na anayeona haya kulitamka mbele ya mashine hatayapata. Nimewaona wanafunzi wangu wakisita kuliandika, kana kwamba kuliandika ni kulikubali. Huwaambia kwamba ufunguo hauhitaji kupendwa na anayeutumia.

Hali ni hiyo hiyo kwa jina la watu. Abasuba, kwa masimulizi yao wenyewe, ni wazawa wa makundi yaliyovuka ziwa kutoka upande wa Buganda na Busoga, pamoja na wengine waliotoka upande wa kusini, wakakaa katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na katika mwambao wa Gwassi, Kaksingri na Muhuru. Baadaye walipokea lugha ya Waluo waliokuwa jirani na wakwe zao. Jambo hili limejadiliwa na wanahistoria na wanaisimu, lakini tazama mahali walipolijadili. Bethwell Ogot anawagusa watu wa sehemu hizi katika kitabu chake cha mwaka 1967, ambacho jina lake lataja Waluo wa kusini. Michael Kenny aliandika makala ya maana sana katika jarida la Africa mwaka 1977 juu ya uhusiano wa masimulizi na muundo wa jamii. Kichwa chake chataja South Nyanza, na Suba hawamo kichwani. Franz Rottland na Duncan Okoth Okombo walieleza jinsi Wasuba walivyoihama lugha yao, na hao walitaja Suba waziwazi, lakini makala yao ni sura katika kitabu juu ya kufa kwa lugha kilichohaririwa na Matthias Brenzinger mwaka 1992, na sura ya kitabu haimo katika ghala la majarida. Felix Oswald, mwanajiolojia aliyefika Karungu mwaka 1911 kutafuta visukuku, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1915 chenye mengi juu ya watu wa mwambao huo. Kichwa cha kitabu kinataja upweke wake na nchi ya malale, basi. Nani angekisia kukitafuta huko?

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeweka jina Muhuru katika kichwa cha maandishi yake.

Kadi, sahani na waya

Kabla ya kuilaumu mashine yafaa tukumbuke ilikotoka. Waliosoma katika vyuo vyetu katika miaka ya 1970 wanazikumbuka droo za kadi. Kitabu kimoja kilikuwa na kadi tatu au zaidi: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na ya somo. Kadi ya somo ndiyo iliyokuwa na hila, maana maneno yake hayakuchaguliwa na mwandishi wala msomaji. Yalichaguliwa na mkutubi kutoka katika orodha iliyotungwa mbali. Katika mpango wa Melvil Dewey, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1876, lugha za Afrika zimesongwa katika namba 496, na Kiswahili kimepewa kijumba cha 496.392. Katika mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani, lugha zetu zimewekwa katika herufi PL pamoja na lugha za Asia ya Mashariki, na Kiswahili kinaanzia PL8701. Mpangaji hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na nafasi ndogo iliyobaki, akatuweka hapo.

Ofisi ya maktaba hiyo ya Marekani ilifunguliwa Nairobi mwaka 1966, na tangu mwaka 1968 ikawa inatoa orodha ya vitabu na magazeti iliyoyanunua Afrika ya Mashariki. Wakati huo huo Marcel Van Spaandonck alikwisha kututolea, mwaka 1965, bibliografia ya isimu ya Kiswahili toka mwaka 1850 hadi 1963. Mwanafunzi wa siku hizo aliyataka majina hayo mawili, kalamu ya risasi, na mchana mzima. Alipata kidogo, lakini alijua alipopitia. Na akikosa, alikuwa na mkutubi wa kumwuliza, ambaye mara nyingi alikuwa akizijua rafu kuliko kadi.

Nje ya nchi kompyuta zilikwisha ingia katika kazi hii. Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani ilianzisha huduma ya MEDLINE mwaka 1971, na mwaka uliofuata huduma ya DIALOG ikaanza kuuzwa kwa waliotaka kuuliza kwa simu. Yalikuwa maulizo ya gharama. Kila dakika ililipiwa, na kwa hiyo aliyeuliza alikuwa mkutubi aliyefunzwa, wala si mtafiti mwenyewe. Hapa ndipo ulipozaliwa ule mtindo wa kuuliza kwa maneno machache yaliyofungwa kwa viungo, ambao tumeurithi sote.

Kwetu sisi teknolojia hiyo ilifika kwanza katika umbo la sahani. Katika miaka ya 1990 faharasa zilinakiliwa juu ya sahani za plastiki zikapelekwa kwa posta. Mfano unaojulikana zaidi ni TEEAL, maktaba ya kilimo iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Cornell na kutolewa mwaka 1999: majarida mengi yamefungwa ndani ya sanduku la sahani, bila ya kuhitaji simu wala setilaiti. Watu wa Chuo Kikuu cha Iowa nao walitunga maktaba ya kidijiti inayokaa ndani ya chuo kwenye kompyuta isiyo na intaneti, wakaiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya ghala la nafaka. Jina hilo lilitoka kwa mtu aliyejua kwamba mavuno huja mara moja na njaa huja mara nyingi.

Waya ulikuja polepole. Mtandao wa elimu wa Kenya, KENET, uliundwa mwaka 1999. Mwaka 2002 shirika la INASP lilianza mpango wa kuzinunulia nchi zinazoendelea haki ya kusoma majarida kwa bei nafuu, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaanzisha HINARI kwa ajili ya majarida ya tiba. Maktaba za Kenya zikaungana mwaka 2003 katika umoja uitwao KLISC ili zilipe pamoja. Lakini hadi mwaka 2009, nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa, haki hiyo ya kusoma ilipita katika setilaiti, na makala moja ilichukua muda wa kunywa chai mbili kufunguka.

Upande wa majarida yetu wenyewe, African Journals Online ilianzishwa mwaka 1998 na INASP huko Uingereza, na mwaka 2005 ikahamia Afrika ya Kusini. JSTOR, ambayo wengi wetu huidhania kuwa ndiyo maktaba nzima, ilibuniwa na William Bowen, aliyekuwa rais wa wakfu wa Mellon, kwa sababu ya kawaida kabisa: maktaba za vyuo vya Marekani zilikuwa zinajaa, na kujenga rafu mpya kulikuwa ghali. Ikawa taasisi ya kujitegemea mwaka 1995. Majarida ya kwanza yaliyoingizwa yalikuwa ya uchumi na historia, na kati yao halikuwamo hata moja lililotolewa Afrika ya Mashariki. Nasema hivi bila ya kulaumu. Aliyejenga ghala kwa ajili ya kupunguza vitabu vyake ataanza na vitabu vyake. Lakini mtafiti wa Muhuru anapaswa kujua kwamba analitazama ghala la mtu mwingine, na kwamba kukosa humo ni habari juu ya ghala kabla ya kuwa habari juu ya Muhuru.

Shina lililo mwisho wa neno

Tumefika penye kiini cha jambo, na hapa ndipo wanaisimu wana la kusema ambalo wahandisi hawakulisema.

Hifadhidata nyingi humruhusu mtafutaji kuandika sehemu ya mwanzo ya neno na kuweka alama ya nyota mwishoni. Mashine itakusanya maneno yote yanayoanza hivyo. Kwa lugha za Ulaya hila hii ni nzuri, kwa sababu lugha hizo hubadilisha sana mikia ya maneno. Lakini mara nyingi nyota haikubaliwi mwanzoni mwa neno. JSTOR, kwa mfano, yakataza jambo hilo waziwazi, na PubMed nayo hukubali nyota baada ya herufi kadhaa za kwanza tu. Sasa lugha za Kibantu hubadilisha vichwa. Shina -suba li imara, na kinachobadilika kiko mbele yake: Abasuba, Olusuba, Kisuba, Wasuba, Msuba. Mjaluo naye huweka chake mbele, husema Josuba. Chombo kilichotungwa kushika kichwa na kuuachia mkia hakiwezi kumshika mnyama huyu. Humshika kwa mkia tu, na mkia hakuruhusiwa kuushika.

Tatizo hili si geni kwetu, nalo ndilo linalonifanya niseme kwamba watungaji wa kamusi za Kiswahili walikuwa watangulizi wa hifadhidata. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 iliweka maneno chini ya mizizi yake: atafutaye mpishi, mapishi na upishi huelekezwa kwenye pika. Aliyezoea alifurahi, kwani aliuona ukoo mzima wa neno katika ukurasa mmoja. Mgeni alipotea, kwani ilimpasa kuijua sarufi kabla ya kulijua neno. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ikachagua njia nyingine, ikaziweka nomino kwa herufi zake za mwanzo kama zinavyotamkwa. Mgeni akapata njia, ukoo ukatawanyika. Kila mpangilio una yule unaomsaidia na yule unaomficha. Mabishano yale, ambayo baadhi yetu tuliyaona kuwa ya kuchosha, yalikuwa mabishano juu ya kutafuta.

Wakutubi wa Ulaya na Marekani walichagua njia ya tatu: walikata viambishi kabisa. Kwao Luganda ni Ganda, Ekegusii ni Gusii, na Kikuria au Igikuria ni Kuria. Hivyo mtu anayezungumza lugha yenyewe, akiandika jina la lugha yake kama anavyolitamka, hukosa. Na mgeni asiyeijua, akiandika shina tupu, hupata. Kwa upande mwingine shina tupu lina hatari zake. Neno suba ni fupi, na lugha nyingi za dunia zina neno la sauti hizo. Aidha, katika orodha ya kimataifa ya alama za lugha iliyotolewa mwaka 2007, Kisuba cha Kenya kimepewa alama sxb, na Kisuba-Simbiti cha Tanzania kimepewa ssc. Ule mstari wa mwaka 1886 umeingia mpaka ndani ya kompyuta. Pengine wanaisimu walioipanga orodha walikuwa na hoja za msamiati na sarufi. Sina ugomvi na hoja hizo. Nasema tu kwamba mzaliwa wa Muhuru, ambaye jamaa zake wako Rorya, yampasa kutafuta katika alama zote mbili, na hakuna atakayemwambia.

Hapo ndipo faida ya kazi kama ile ya Jouni Maho inapoonekana. Bibliografia yake ya lugha za Afrika, na orodha yake ya mwaka 2009 iliyopanua namba za Guthrie kwa lugha za Kibantu, zinamkusanyia msomaji majina mbalimbali ya lugha moja pamoja na namba yake. Nimemfundisha kila mwanafunzi wangu aanzie hapo, aandike majina yote pembeni, ndipo afungue ghala kubwa. Hifadhidata ya Glottolog inafanya kazi ya namna hiyo hiyo. Ni vitu vilivyotungwa na wanaisimu kwa ajili ya wanaisimu, na ubora wake unatoka hapo.

Juu ya "na" na "au"

Kuna kosa jingine ambalo nimeliona mara nyingi mno hata siwezi kulihesabu kuwa uzembe. Viungo vya maulizo ya mashine vimetoka katika mantiki ya George Boole, aliyefundisha hisabati huko Cork, Ireland, na kutoa kitabu chake juu ya sheria za fikra mwaka 1854. Kiungo cha kwanza hutafsiriwa "na", cha pili "au", cha tatu "ila".

Sasa kwa Mswahili "na" huongeza. Nikisema nipe ugali na samaki, sahani inajaa. Katika hifadhidata "na" hupunguza: mashine huleta makala yale tu yenye ugali na samaki pamoja, na hutupa yaliyo na kimoja. Kadiri unavyozidi kusema "na", ndivyo sahani inavyozidi kuwa tupu. Na "au", ambayo kwetu humtaka mtu achague, chai au kahawa, kwa mashine humpa vyote viwili. Mwanafunzi wangu, alipokosa mara ya kwanza, alijaribu kuniridhisha kwa kuongeza maneno: Muhuru na lugha na Suba na Luo na historia. Kwa akili ya lugha yake alikuwa anafungua mlango zaidi. Kwa akili ya Boole alikuwa anaufunga kwa makufuli matano.

Tulipomrudia kazi, tulianza na "au". Tuliandika Suba au Abasuba au Olusuba. Kisha, katika mabano mengine, South Nyanza au South Kavirondo au Karungu au Muhuru au Mohuru. Ndipo tukaviunganisha vifungu hivyo viwili kwa "na" moja tu. Makala ya Kenny ikatokea katika ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi hakusema neno. Alichukua kalamu, akaandika namba ya juzuu.

Yasiyoandikwa kwa ajili ya mashine

Isidhaniwe kwamba kwa kujifunza viungo na nyota mambo yote yalikwisha. Taarifa za mwaka za maafisa wa South Kavirondo ziko katika Hifadhi ya Nyaraka ya Kenya, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1965, na nakala za filamu za nyaraka hizo zilipelekwa Chuo Kikuu cha Syracuse huko Marekani. Nyaraka za Wajerumani ziko Dar es Salaam na Ujerumani. Uganda Journal, lililoanza mwaka 1934, na Tanganyika Notes and Records, lililoanza mwaka 1936, yana mambo ya watu wa ziwa ambayo hayapatikani kwa kuuliza majarida ya Ulaya. Hata jarida la Kiswahili la Dar es Salaam lenyewe limebadili jina zaidi ya mara moja tangu lilipoanza kama taarifa ya Kamati ya Lugha mwaka 1930. Jina Kiswahili ni la tangu mwaka 1970, na mwenye kulitafuta kwa jina hilo peke yake hukosa miaka arobaini.

Kisha kuna suala la wingi usio sawa. Kwa nini tulipoandika Muhuru peke yake yalikuja maradhi tu? Kwa sababu malale yaliutisha utawala wa Kiingereza mwanzoni mwa karne ya ishirini, na tangu hapo mwambao huo ukawa mahali pa kupimwa damu. Katika miaka ya karibuni walimu na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani wamefanya utafiti wa afya huko, na shule ya sekondari ya wasichana ya WISER, iliyofunguliwa Muhuru Bay mwaka 2010 kwa ushirikiano na watu wa chuo hicho, inalo neno utafiti ndani ya jina lake rasmi. Ni jambo jema. Mimi ningependa wasichana wa shule hiyo, siku watakapofundishwa kuifungua hifadhidata, waikute lugha ya mababu zao humo, isiwe minyoo na homa tu. Kwa sasa mtu anayeisoma Muhuru katika mashine atadhani ni kijiji cha wagonjwa wasiosema.

Naye Rongo, chuo kikuu cha umma katika kaunti hiyo, kilianza kama chuo kishiriki cha Moi mwaka 2011 na kupewa hati yake mwaka 2016. Tasnifu zitakazoandikwa huko na kuwekwa katika hazina za kidijiti ndizo zitakazokuwa maandishi ya kutafutwa na wajukuu. Hapo ndipo kazi ya mkutubi na ya mwanaisimu inapokutana tena, katika kile kisanduku kidogo cha maneno-msingi ambacho watu hukijaza dakika tano kabla ya ofisi kufungwa.

Tasnifu ya mwanafunzi wangu ilikubaliwa. Siku ya kuiweka katika maktaba ya chuo alipewa fomu iliyoruhusu maneno-msingi matano tu, nasi tukabishana juu yake kwa karibu saa nzima, mimi na yeye na mkutubi mmoja aliyekaribia kustaafu. Mkutubi alitaka Suba, kwa kuwa ndivyo wageni watakavyotafuta. Mwanafunzi alitaka Olusuba, kwa kuwa ndilo jina. Mimi nilitetea South Kavirondo, nikashindwa, na nadhani nilistahili kushindwa. Mwisho yaliandikwa Suba, Olusuba, Abasuba, Kijaluo na Muhuru Bay. Lile la Mohuru, pamoja na mengine yaliyokosa nafasi, aliyaingiza yote katika sentensi moja ndefu ya ikisiri, ambamo hapakuwa na kikomo cha maneno.